Pampu Iliyowaka Peke Yake

Mtongwe, Likoni
14 Januari 1996

Kwa ndugu yangu Rama,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Baba hadi mbuzi. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Baba goti la kushoto lamsumbua kukicha, likishapata jua lamwacha. Shangazi Dhahabu amehamia kwa mwanawe Kisauni. Asema anataka kuwa karibu na daktari, lakini sote twajua alichokimbia ni jogoo wangu. Miche ya michungwa imeshika vizuri, na watu waja kuinunua mpaka kutoka Ng'ombeni.

Nguma, mwenzio wa kambi ya wafanyakazi huko, alifika salama na mzigo wako. Nilipouona ulivyofungwa kwa magazeti nikadhani ni vyombo vya udongo. Nimefungua nikakuta masanduku mawili ya plastiki, jeupe na jeusi, kila moja lina waya umesimama juu kama sharubu ya kamba wa baharini. Baba akauliza ni nini. Nikamwambia ni mambo ya Rama. Akasema, basi yawekwe mahali pazuri.

Yamekaa juu ya kabati. Karatasi uliyotia ndani ni ya Kiingereza na michoro, na mimi sijui mguu wa chipu ni kitu gani wala kwa nini uwe na namba. Niandikie kwa lugha tuliyokua nayo.

La pili. Mfungo waingia wiki ijayo. Mwaka juzi ulisema utakuja Idi. Mwaka jana ulisema vilevile. Mwaka huu hukusema kitu. Je, utakuja?

Dadako,
Mwanasaumu


Sharjah
8 Februari 1996

Dada yangu Mwanasaumu,

Shikamoo, na Baba umfikishie shikamoo yake kwa mikono miwili. Mimi sijambo. Baridi ya huku mwezi huu si ya mchezo, tunavaa sweta hata kazini. Mwambie Shangazi Dhahabu nimecheka peke yangu niliposoma habari ya jogoo.

Sasa sikiliza. Nguma aliporudi huku likizo iliyopita alinambia kwamba Baba bado anateremka bondeni kila asubuhi kuwasha pampu, anapanda kutazama tangi, halafu anateremka tena kuizima. Kwa umri wake, na njia ile. Ndiyo maana nikatengeneza kitu hiki. Nimekitengeneza kwa muda wangu mwenyewe, kwa miezi mingi.

Sanduku jeusi linakwenda bondeni, kwenye kibanda cha pampu. Ndani yake mna chipu, kitu kidogo cheusi mfano wa tandu, kina miguu ya chuma huku na huku. Kila mguu naweza kuutia umeme au kuunyima. Mguu mmoja nimeuunganisha na swichi ya pampu. Ukitiwa umeme, swichi inavutwa. Ukinyimwa, swichi inaachia.

Sanduku jeupe linakaa nyumbani. Ukibonyeza kitufe, linatuma herufi hewani, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Jeusi linazisikia, linafanya lilivyoambiwa, kisha linajibu. Kitufe cha kwanza ni kuwasha, cha pili ni kuzima. Likijibu, taa ya kijani inawaka. Likikosa kujibu, inawaka nyekundu. Basi, hakuna zaidi.

Mtafute fundi wa umeme wa kweli, usimwite yule aliyetufungia feni. Umeme wa pampu unaua. Mimi nimelijaribu kutoka ghala hadi ghala, mbali kuliko kutoka barazani kwetu hadi bondeni, na halikukosea hata mara moja.

Ramadhani njema. Nyinyi mle kaimati kwa niaba yangu.

Nduguyo,
Rama


Mtongwe, Likoni
9 Machi 1996

Kwa ndugu yangu Rama,

Baba yuwakusalimu na kukuombea. Idi ilikuja, ikaenda. Tulikuwekea sahani kama kila mwaka, na safari hii akaila Nguma, maana hakuwa amesafiri bado. Nguma huyo sasa ajiandaa kurudi huko, na barua hii atakuletea yeye.

Fundi nimempata. Aitwa Justus, mtu wa bara, akaa Changamwe na kazi zake nyingi ni nyumba za upande wa uwanja wa ndege. Ni mtu mtaratibu, avua viatu bila kuambiwa. Alishinda bondeni tangu asubuhi, mimi nikiwa barazani na sanduku jeupe. Alipopunga mkono nikabonyeza cha kwanza. Kimya. Nikabonyeza cha pili, cha kuzima, na pampu ikanguruma. Nikabonyeza tena cha kwanza, ikazima. Baba alicheka hata akakohoa. Akasema chombo hiki ni tabia zako za utotoni, ukiambiwa njoo waenda.

Justus alisema amefunga waya wa pampu upande usio wake kwenye swichi, akataka kuteremka tena afungue. Jua lilikuwa limeshatua, na feri za jioni wazijua. Nikamwambia asihangaike. Nimechukua plasta nyeupe nikabandika juu ya vitufe na kuandika kwa kalamu: cha kwanza ZIMA, cha pili WASHA. Kazi ikaisha.

Na kwa kweli yafanya kazi. Baba hateremki tena. Akaa barazani na sanduku mapajani kama mtu aliyepakata mjukuu. Jirani wakipita huwaita waone. Hubonyeza, pampu ikaitika kule chini, naye husema, "Rama amejibu." Mimi humwuliza imewaka taa gani, yeye hunambia, imewaka.

Nimesoma barua yako kurasa zote, mbele na nyuma, nikitafuta jibu la swali langu. Nimepata maghala, nimepata tandu, nimepata taa mbili. Utakuja lini, Rama?

Dadako,
Mwanasaumu


Sharjah
2 Aprili 1996

Dada Mwanasaumu,

Shikamoo. Nguma amefika, na amenipa barua yako na halua. Salamu kwa Baba. Naandika kwa haraka.

Toeni plasta hiyo. Dada, nakuomba, mwite Justus arudi abadili waya. Mimi sikutaka kuijaza barua ile mambo, ndiyo maana sikulieleza hili, lakini sasa lazima nilieleze.

Masanduku haya yanasalimiana. Hata usipobonyeza kitu, jeupe linaita kila baada ya muda na jeusi linaitika. Nimelifundisha jeusi kwamba likikaa bila kusikia wito, liunyime mguu ule umeme, ili swichi iachie na pampu isimame. Nimefanya hivyo kwa usalama, kwamba sanduku jeupe likiharibika, au nyumbani umeme ukipotea, pampu isije ikaendelea bila mwenyewe.

Lakini nyinyi mmefunga kinyume. Kwenu swichi ikiachia, pampu inawaka. Maana yake ni kwamba siku masanduku yakikosa kusikilizana, pampu itaanza yenyewe, na hakuna kitufe kitakachoizima, kwa sababu amri haitafika. Unanielewa? Plasta inabadili jina la kitufe tu. Haibadili kilichomo ndani.

Ni kazi ya waya mmoja. Autoe hapo alipoufunga, aufunge upande wa pili. Nimechora kwenye karatasi ya nyuma.

Baba kuita jirani kuona sanduku kumenifurahisha kuliko ninavyoweza kukwambia.

Rama


Mtongwe, Likoni
27 Aprili 1996

Kwa Rama,

Tu wazima. Baba salama. Kesho kutwa ni Idi ya kuchinja na nyumba imejaa wageni, kwa hiyo siandiki mengi.

Hilo la waya limekwisha, usinikoseshe usingizi nalo. Pampu yafanya kazi vizuri, na kila mtu apita kuisifu.

Mawingu yamekaa upande wa Diani tangu juzi. Mwaka huu masika yamechelewa lakini yaonekana yatakuja kwa hasira.

Nguma amemwandikia mkewe kwamba huonekani tena kule kambini mlikokuwa mkikaa pamoja. Umehama? Bahasha zako zina anwani ileile. Nijibu hilo, kisha nijibu lile la siku zote. Maswali ni mawili tu.

Mwanasaumu


Sharjah
19 Mei 1996

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi mubarak ya kuchelewa. Nimefurahi sana kwamba waya umebadilishwa. Mshukuru Justus.

Nimekuwa nikifikiri. Ile chipu ina miguu mingi iliyokaa bure. Mguu mmoja unaweza kuwasha taa ya njiani, Baba akienda msalani apate mwanga. Mwingine tunaweza kuutia bomba la kumwagilia miche yako, ukabonyeza tu ukiwa jikoni na maji yakaenda. Tangi nalo laweza kuwekewa kidude kinachojua limejaa, pampu ijizime yenyewe. Nimeshaanza kuandika maelekezo ya chipu mpya. Nikikupelekea, Justus atachomoa ile ya zamani taratibu kwa bisibisi bapa, bila kuipinda miguu, na kuchopeka hii.

Nambie, kutoka barazani hadi kwenye vitalu vya miche ni hatua ngapi? Na ule mkorosho uliokuwa katikati bado upo?

Kuhama, ndiyo, nimehama kidogo. Nipo na marafiki. Anwani ni hiyohiyo, barua zinanifikia.

Huku joto limeanza. Mvua ya mwisho sikumbuki ilikuwa lini.

Nduguyo,
Rama


Mtongwe, Likoni
3 Juni 1996

Rama,

Baba yupo hospitali. Nakwambia mwanzo ili usitafute habari hiyo katikati ya salamu.

Yupo hai na yuwasema. Amevunjika mfupa wa paja, juu karibu na nyonga. Daktari asema atalala muda mrefu, na akiinuka atainuka kwa fimbo.

Ilikuwa wiki mbili nyuma. Mvua ilishika tangu usiku na haikupumua. Mimi nilikwenda sokoni Likoni kupeleka mboga, maana mboga hazingoji mvua ikatike. Baba alibaki barazani na sanduku lake. Asema alisikia pampu ikinguruma bondeni na yeye hakuwa amegusa kitu. Akabonyeza ZIMA. Taa ikawaka, akaona basi amejibiwa, akatulia. Kumbe pampu yaendelea. Tangi likajaa likamwaga, na yeye hasikii, kwa sababu mvua na tangi vyote vyamwagika juu ya mabati. Alipogundua ni pale pampu ilipobadili sauti. Maji ya mvua yalikuwa yameingiza matope kisimani, yakaziba chujio, nayo ikawa yalia kama mbuzi aliyekabwa.

Akateremka. Kwa miguu yake, kwenye udongo ule mwekundu, kwa mvua ile. Hakufika kibandani. Nilimkuta amekaa chini ya mnazi, ameshika paja, na pampu imeshaungua, moshi watoka mlangoni. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Nimemharibia Rama kitu chake."

Justus amekuja kutazama. Asema masanduku yote mawili ni mazima. Mvua ilipokatika alibonyeza na yakaitikiana kama kawaida. Asema ni minazi. Majani yakirowa maji humeza sauti ya redio. Ulijaribu chombo chako baina ya maghala, mahali pasipo mti wala tone. Hivi umesahau kwamba huku kwanyesha?

Mwanasaumu


Sharjah
25 Juni 1996

Dada Mwanasaumu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Sijui nianze wapi. Mungu amponye Baba.

Nimeisoma mara nyingi na kuna jambo halikai sawa. Mvua kukata mawasiliano nakubali. Nilisahau mvua, nilaumu. Lakini mawasiliano yakikatika pampu inatakiwa ife, si iwake. Iliwaka peke yake. Hilo haliwezekani ila kwa njia moja: waya haukubadilishwa. Uliniandikia limekwisha. Limekwisha vipi?

Na la pili. Alipobonyeza kuzima, amri haikufika, kwa hiyo taa iliyowaka ilikuwa nyekundu. Nyekundu, dada. Rangi ya hatari mtoto mdogo anaijua. Baba aliona taa nyekundu akatulia? Nimerudi kwenye barua yako ya mwezi wa tatu: umemwuliza imewaka taa gani, amekujibu imewaka. Baba haoni rangi. Baba haoni. Tangu lini? Kwa nini hukunambia? Nilikuwa naweza kuweka kengele, mlio mmoja wa kukubali na mirefu mitatu ya kukataa, ni mguu mmoja tu wa chipu, miguu ninayo mpaka ya kugawa. Nimemtengenezea chombo cha macho mtu asiye na macho kwa sababu dada yangu ameniandikia habari za jogoo.

Nisamehe kwa ukali. Lakini nimekasirika, na sina mwingine wa kumkasirikia.

Rama


Mtongwe, Likoni
20 Julai 1996

Kwa Rama,

Baba amerudi nyumbani, amelala chumba cha mbele ili asikie watu. Yuwala vizuri, asema kidogo. Salamu zake unazo.

Umekasirika. Vyema. Mimi nami zamu yangu.

Waya haukubadilishwa, kweli. Barua yako ya kunieleza ilinifikia karibu na Idi, chombo kikiwa kimeshafanya kazi bila kosa kwa wiki nyingi. Nilituma watu kwa Justus mara mbili, wakaambiwa yupo Shanzu kwenye kazi ya hoteli. Nikasema atakapopita atabadili. Nikakuandikia limekwisha kwa sababu nilikuwa nimechoka kupokea barua za waya. Kila nikifungua bahasha natafuta ndugu yangu, nakuta fundi.

Macho ya Baba yalianza kwenda mwaka juzi. Kwanza jicho moja, kisha la pili. Aona mwanga na giza, na mtu akisimama mbele ya mlango ajua kuna mtu. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akijua, ataacha kazi aje." Nikanyamaza kwa sababu hiyo. Wallahi nilikaa miaka miwili nikiogopa kwamba utakuja kwa kuacha kazi nzuri.

Sasa Nguma amerudi, na safari hii amerudi moja kwa moja. Amekuja hapa kumtazama Baba, na nilipompeleka njiani nikamshika. Hakutaka kusema. Alisema. Kwamba yule tajiri wako alizuia pasi yako ya kusafiria na mshahara, ukatoroka kwake tangu mwaka wa tisini na nne. Kwamba huna makaratasi, watengeneza televisheni chumba cha nyuma cha duka la mtu na hutoki mchana. Kwamba ule uinjinia tuliokuwa tukimsimulia kila jirani haupo.

Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu amficha mwenziwe. Mimi nilificha macho ya baba yetu kwa ajili ya kazi yako, na wewe kazi yenyewe huna.

Nguma asema serikali ya huko imetoa msamaha. Asiye na makaratasi aende mwenyewe, aondoke bila kufungwa, lakini hatarudi tena. Yeye makaratasi yake yapo, mkataba wake tu ndio uliokwisha. Asema alikwambia mfuatane ukamwambia utafikiri.

Wafikiri nini?

Mwanasaumu


Mtongwe, Likoni
22 Septemba 1996

Rama,

Tu wazima. Baba asimama sasa, ashika ukuta mpaka mlangoni na kurudi.

Ni miezi miwili hujanijibu. Hata ya chipu ningeipokea.

Nguma amesikia kwamba muda wa msamaha umeongezwa lakini baada ya hapo watakuwa wakali. Watakamata nyumba kwa nyumba.

Sikukwambia hili kwenye barua ile kwa sababu nilikuwa na hasira. Pampu ilipoungua, watu walikuja wote waliokuwa wakiitwa kuona sanduku. Ruwa jirani yetu, aliyekuwa akilicheka, ndiye aliyemtoa Baba kwenye matope mgongoni mwake. Hakuna aliyekutaja kwa ubaya. Walichouliza ni kama umeshajulishwa na utafika lini, na mimi nikawajibu kwamba barua i njiani. Nimechoka kujibu hivyo.

Maji twateka kwa ndoo. Mimi na ndoo tumezoeana.

Mwanasaumu


Bombolulu, Kisauni
2 Novemba 1996

Dada yangu Mwanasaumu,

Shikamoo.

Usishtuke kuona anwani. Nipo Bombolulu, kwenye chumba alichopanga Nguma. Nimeingia wiki iliyopita. Ndege ilitua asubuhi, tukiwa wengi wa msamaha, kila mtu na mfuko wake mmoja. Pale uwanja wa ndege, Changamwe, nilipanda gari la mjini nikiwa na nia ya kushuka kivukoni. Nilishuka. Nilipanga foleni. Watu wakaingia, nami nikasimama pembeni na mfuko, nikaona Likoni ileile ng'ambo, feri ikaondoka. Ikaja nyingine, nikafanya hivyo hivyo. Kisha nikapanda gari la Kisauni nikaja hapa. Shangazi Dhahabu akaa mtaa wa pili, na nimekuwa nikitoka kwa kuchungulia asije akaniona.

Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa uongo au kilikuwa aibu. Niliondoka miaka saba nyuma na Baba akauza ng'ombe wawili kunisafirisha. Alimwambia kila mtu msikitini kwamba mwanawe anakwenda kusomea mitambo. Nimerudi na bisibisi, chuma cha kulehemu na shati tatu. Kitu pekee cha maana nilichokitengeneza kwa mikono yangu katika miaka hiyo yote ni masanduku yale, nayo yamemvunja mfupa.

Wajua, kule nilikuwa nikikaa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa mbao, nikifanya hesabu kwamba saa hii Baba yupo barazani anabonyeza. Nilikuwa nikijiambia mimi sipo nyumbani lakini mkono wangu upo. Ndiyo maana nilikasirika vile ulipoandika habari ya kuanguka kwake. Nilijikasirikia mwenyewe, nikakutupia wewe.

Sijui nitaingiaje ndani na kusimama mbele yake. Nimefikiri labda nitafute kazi kwanza huku Kisauni, hata ya miezi michache, ili nivuke nikiwa na kitu mkononi. Nini maoni yako? Usimwambie Baba bado.

Nguma ameahidi kukupa hii mkononi.

Nduguyo,
Rama


Mtongwe, Likoni
Jumapili, 3 Novemba 1996

Rama,

Nguma amekaa hapa anakunywa chai, angoja nimalize, kwa hiyo sina nafasi ya salamu.

Umetoka Sharjah ukapita bahari yote ile, ukashindwa na maji ya kivukoni. Nimesoma mstari ule wa feri nikataka kucheka, nikataka kukupiga, na mwisho nikakaa chini nikalia mbele ya Nguma, jambo ambalo sitakusamehe.

Umeniomba maoni. Nimechoka na maoni. Umeniomba nisimwambie Baba. Siwezi tena. Nyumba hii imeona nini lililofichwa kwa wema likaleta heri? Nimemsomea barua yako yote, neno kwa neno, pamoja na ng'ombe, pamoja na chumba cha nyuma, pamoja na pasi. Nilisoma kwa sauti na mlango wazi.

Alisikiliza hadi mwisho amefumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Huko Bombolulu yuwala nini?"

Nikamwambia sijui, barua haikusema. Akakasirika, Rama. Si kwa hayo ya uinjinia. Akasema mtu aandika kurasa mbili asitaje amekula nini, na wewe wasoma tu, huulizi. Akaniamuru nipike wali wa nazi na nimwite Ruwa amkamate yule jogoo wangu aliyemkimbiza Shangazi Dhahabu. Kisha akataka kanzu safi. Sasa hivi amejikokota mwenyewe, ameegemea ukuta, amefika barazani. Hakuna aliyemshika. Amekaa uso ameuelekeza njiani. Nimemwambia jua ni kali, arudi ndani, amenifukuza.

Hatarudi ndani mpaka ufike, na kuku ameshachinjwa. Justus naye yupo bondeni. Amekuja na pampu ya mtu ya kuazima, na amelifungua sanduku lako jeusi, amesimama analitazama. Asema waya atabadili yeye, lakini kwa mengine akungoja wewe mwenyewe.

Vuka. Usiandike jibu.

Mwanasaumu